Koti Lililorudi na Balo

Miaka yote niliyouza caguwa pale soko kuu la Bujumbura, kaka yangu Hamimu hakufika mezani kwangu hata siku moja. Akiwa na neno nami alituma mtu aniite, au alingoja nirudi mtaani kwetu Buyenzi jioni. Yeye alikuwa fundi cherehani, tena wa wale wa zamani waliowashonea mabwana wa ofisini suti za harusi, na aliona haya kuwa na dada anayeuza nguo zilizotoka miilini mwa watu wengine. Nilimwambia, "Haya yako kaanga ule, tuone kama utashiba." Hivyo ndivyo tulivyopendana, mi na yeye.

Caguwa ni mitumba. Warundi wanaliandika hivyo, lakini neno lenyewe ni Kiswahili, ni chagua tu. Unapasua balo, lile robota la nguo, unazimwaga mezani, unapiga kelele chagua, chagua, chagua mama, na jina likabaki. Sasa wifi yangu Khadidja, mke wa Hamimu, alizaliwa Ujiji, na kwao hawakusema caguwa. Walisema kafa ulaya. Wazee wao waliamini nguo hizo zinavuliwa maiti za Wazungu, maana mtu gani mzima, mwenye akili zake, atatoa shati lisilo na tundu wala doa? Nilikuwa namtania, "Wifi, leo umevaa maiti gani? Imekupendeza." Alicheka, akanifinya. Lakini aliamini. Hilo mlijue mapema, msije mkaniuliza baadaye.

Hamimu alishonea barazani kwake, kwenye cherehani nyeusi ya miguu. Kila nguo aliyoitoa aliiwekea alama: mishono mitatu ya uzi wa kijani chini ya kola, mahali ambapo hata mwenye nguo hapaoni. Nilimuuliza ya nini. Akasema, "Mutu akikataa kwamba mi ndiye nimemushonea, namugeuzia kola, tunamaliza maneno." Mwanawe Karimu, wa pekee, alijifunza kuweka alama hiyo kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Alikulia chini ya meza ile, akiokota vipande.

Mwaka wa tisini na tano, mwezi wa tatu, vita viliharibu mtaa wetu, wetu na ule wa Bwiza. Sitaeleza. Waliokuwepo wanajua, na wasiokuwepo wakisikia wanatikisa kichwa, na mi kichwa cha kutikiswa sikitaki. Nitasema moja tu: rafiki yake Karimu, waliyekuwa wakicheza naye mpira tangu wadogo, aliokotwa mferejini nyuma ya nyumba yetu. Karimu alisaidia kumbeba. Baada ya hapo akawa anakaa tu. Ukimwambia kula anakula, ukimwambia lala analala. Hamimu akamtazama hivyo wiki nzima, kisha akasema, "Mutoto aende."

Alimshonea koti. Alikuwa na kitambaa kimoja cha kijivu chenye mistari myembamba, kizuri, amekifungia sandukuni akingoja harusi ya huyo huyo Karimu. Akakitoa. Bitana haikupatikana popote mjini, kwa hiyo Khadidja akaleta mabaki ya kitenge chake cha fungate, chenye ndege wa manjano. Mi nilikuwa nimekaa pale barazani nikimenya karanga, niliona kila kitu. Aliacha kitambaa kingi ndani ya mishono, kwenye mikono na ubavuni. Nikamuuliza kwa nini anaharibu kitambaa. Akasema, "Kijana bado anakua. Huko nani atamuongezea?" Akamfundisha Karimu namna ya kufumua na kuachia, ili ajiongezee mwenyewe.

Karimu akapita Uvira, akavuka ziwa mpaka kwa wajomba zake Ujiji, kutoka hapo Nairobi, na kutoka Nairobi kwa njia ninazozijua kidogo na nisizotaka kuzijua, akafika Ubelgiji. Siku aliyoondoka hakuna aliyelia. Msituone makatili. Mwaka ule kulia kulikuwa kumetuchosha, na moyo ulikuwa na ganzi, ile ganzi ya mguu uliokaliwa muda mrefu. Unaugusa na unajua ni wako, lakini hauhisi kitu.

Alipiga simu mara moja, kwenye duka la Mwarabu mmoja jirani. Khadidja alikimbia bila kandambili. Alichosikia ni hiki: "Mama, huku baridi inauma. Koti la baba linanisaidia." Halafu laini ikakatika, na huo ukawa mwisho wa sauti yake.

Mwaka uliofuata nchi za jirani zikatufungia mipaka. Embargo. Walikuwa wamewakasirikia waliochukua serikali, sisi tukakosa sabuni. Petroli ikauzwa kwenye chupa za bia. Ndege za Ulaya zikaacha kutua. Mabalo hayakufika tena, meza yangu ikabaki mbao tupu, nikaanza kuuza ndagala, hizo dagaa zetu za ziwa, nikanuka samaki mpaka ndotoni.

Na kaka yangu, Mungu anisamehe, akanona. Watu walimletea mashati ageuze kola, suruali za baba azipunguze zimtoshe mtoto, hata suti mpya zilianza kuagizwa tena. Asubuhi ukipita unakuta foleni barazani. Alikuwa akiimba kaswida huku anakanyaga cherehani, na nikipita na beseni langu la ndagala ananiita kwa nguvu kusudi wateja wasikie: "Dada! Wazungu wako wako wapi leo?"

"Wanakusalimia," nikamjibu. "Wanauliza sindano zako zinatoka wapi."

Maana sindano nazo zilikuwa zimekwisha mjini. Ikivunjika moja, aliisaga ncha kwenye jiwe akaitumia hivyo hivyo. Uzi ulipokwisha alifumua mapazia ya Khadidja apate uzi. Kaswida ikapungua. Halafu kulikuwa na jambo jingine ambalo hakulisema, lakini mi nililiona: kila alipokaa bila kazi alikuwa anatazama juu, upande wa uwanja wa ndege. Mlango uliofungwa ukamrudishia wateja ndio huo huo uliomzibia habari za mtoto. Hakuna mtu aliyekuwa anatoka huko, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuulizwa, "Hukumuona kijana mmoja ana koti la kijivu?"

Siku zile alikuwa akija barazani mwalimu mmoja, Sylvère, anayefundisha falsafa lycée, shule ya sekondari. Alikaa mtaa wa Kinanira. Mkristo, mtu mpole, mwenye mashati mawili tu, na yote mawili Hamimu alikwisha kuyageuza kola. Tulimwita Prof. Alipenda kubishana, na Hamimu alipenda kubishana huku anashona, basi walifaana.

"Muzee Hamimu," Sylvère alisema siku moja, "dunia sasa ni kijiji kimoja. Ndiyo wanaita mondialisation, utandawazi. Bidhaa zinapita, watu wanapita, mawazo yanapita."

"Mawazo niko nimekaa hapa," nikasema. "Sijapita popote." Jina langu ni Mawazo.

Walicheka. Kisha Hamimu akatoa pini mdomoni. "Kijiji gani, Prof? Mu kijiji, mutu akikupa shati lake la zamani, jina lake unalijua. Akifiwa unaenda kukaa naye. Hawa wananiletea mashati na majina yao siyajui. Na mi nimewapelekea mutoto, na wao jina lake hawalijui. Hicho siyo kijiji. Hiyo ni njia panda."

Sylvère akapapasa kola yake iliyogeuzwa. Alikuwa na tabia hiyo nzuri, ya kufikiri kabla ya kujibu, ambayo wanaume wengi hawana. "Lakini hiyo cherehani ilitoka wapi?" akauliza. "Na msikiti wenu? Na hiki Kiswahili tunachobishania hapa, kilizaliwa Buyenzi? Kilikuja na wafanyabiashara, kwa miguu, kutoka pwani. Babu yako mwenyewe alikuja na biashara, muzee. We ni mutoto wa mondialisation ya zamani."

"Kweli," Hamimu akasema. "Alikuja na biashara. Lakini alikaa. Akaoa hapa, akazaa hapa, kaburi lake nalijua, nalifagia. Kitu kikija kikakaa, tunazoeana. Mi naongea juu ya vile vinavyopita tu. Vinakuja vimechakaa, na vinaondoka na vipya vyetu."

Basi, na mi nilikuwa na falsafa yangu, ya sokoni. Nikawaambia wote wawili wanyamaze kidogo. Nikawaambia nimeona mtoto wa mtaa wa Mutakura anatetemeka kwenye mvua na gunia begani, na nikamvisha sweta kwa bei ya ndizi, sweta zima la sufu ambalo fundi Hamimu hawezi kulitengeneza hata apewe mwaka. Yule mtoto hakuniuliza jina la mwenye sweta. Alipata joto. Kaka hakupenda kusikia hivyo, lakini hakukana. Ukweli wake na wangu ulikaa baraza moja, na hakuna uliomfukuza mwenzake.

Mipaka ilipofunguliwa, mwanzoni mwa tisini na tisa, mabalo yakarudi kwa wingi, na foleni ya Hamimu ikaisha ndani ya mwezi. Hata Prof alinunua suruali kwangu, akaikunja ndani ya gazeti ili apite nayo mbele ya baraza. Hamimu aliliona gazeti. Akamsalimia kama kawaida, akaendelea kukanyaga cherehani isiyo na nguo juu yake.

Koti lilirudi mwaka wa elfu mbili. Siku ile milio ya risasi ilikuwa inasikika tangu alfajiri upande wa vilima vya Kinanira, na sokoni hakuna aliyeinua kichwa. Tulikuwa tukiihesabu kama mvua ya mtaa wa pili. Nilipasua balo la makoti ya wanaume. Wanawake wakasogea, wale wa premier choix, wanaotaka kuwa wa kwanza, wanavutana na kusukumana. Nikatoa la kwanza, la pili, halafu mkono wangu ukashika kitu, na kabla sijakitoa nikaona ndege wa manjano.

Nilijua hapo hapo. Nikageuza kola. Mishono mitatu ya kijani.

Msiniulize inawezekanaje. Nimeulizwa na wenye akili kuliko ninyi. Dunia nzima ile, makontena yote yale, na koti likapita bandari na bandari mpaka kwenye meza ya shangazi yake. Sijui. Ninachojua ni nilichofanya, na nilichofanya ni hiki: nililipima haraka kwenye mkono wangu, nikalitazama mikono na ubavu kuona kama lina damu au tundu, halikuwa na kitu. Lilikuwa vilevile kama lilivyotoka barazani, pindo lake lilelile, mishono yake ileile, limechakaa kiwiko tu. Nikalikunja. Nikaliweka kwenye kigoda, nikalikalia, nikaendelea kuuza. Chagua mama, chagua. Niliuza mpaka soko likafungwa. Sikuhisi kitu, wallahi. Niliogopa zaidi huko kutohisi kuliko lile koti.

Nilimpelekea Hamimu barazani. Sikutaka Khadidja alione kwanza, lakini mwanadamu anapanga tu, maana yeye naye alikuwa pale, amemletea mumewe chai. Nikalifunua. Hamimu hakuligusa. Khadidja ndiye aliyelichukua, akaingiza mkono ndani, akapapasa bitana yake, kitenge chake cha fungate.

"Kafa," akasema. "Kafa Ulaya."

"Wifi, apana," nikamwambia. "Hilo ni jina tu. Ni namna ya kusema."

"Nyie mnasema chagua," akanijibu kwa Kiswahili chake kile cha Ujiji, sauti tambarare kabisa. "Haya. Nani kachagua hapa?"

Tulimwita Prof, maana yeye aliwahi kusoma huko Ulaya, angeweza kumwambia. Akaja kesho yake, akakaa, akamweleza vizuri kwamba kule kuna masanduku ya chuma barabarani, na watu wazima, walio hai, wanatia nguo humo kwa sababu tu wamechoka na rangi. Kwamba yeye mwenyewe amewaona kwa macho yake. Khadidja alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Prof," akasema, "mtu aliye hai hatii sandukuni koti alilomshonea baba yake. Kama aliyelitia ni Karimu, basi katusahau, na mi sikuzaa mtoto wa hivyo. Bora kafa. Mfu najua la kumfanyia."

Sylvère akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Khadidja akawatangazia wanawake wa mtaa kwamba Jumamosi atamsomea Karimu khitma. Akanunua mchele. Akaazima mikeka na masufuria. Alifanya hayo yote akiwa mkavu, anahesabu sahani, anauliza nani ataleta kuni. Lakini Alhamisi nilimkuta ameketi uani na kitunguu mkononi, kisu hakijakigusa, na sijui alikuwa amekaa hivyo tangu saa ngapi. Nikamwambia, "Wifi." Akasema, "Nikishamsomea, sitakuwa tena na wa kumngoja." Kisha akakikata kile kitunguu. Nilimuonea huruma mpaka nikamkasirikia.

Hamimu hakusema lolote siku zote hizo. Wala ndiyo, wala apana. Nilimwambia, "We ni mwanaume wa namna gani? Mkeo anamzika mwanao na we unatazama?" Akaniuliza kama nimekula.

Sasa sikilizeni hapa. Kaka yangu hakuwahi kukosa sala ya Ijumaa. Siku za ville morte, mgomo wa mji mzima, vijana wamefunga barabara kwa mawe, alipita nyua za watu mpaka msikitini. Ijumaa ile nilirudi mapema toka sokoni, adhana imekwisha, mtaa umenyamaza, wanaume wote wako msikitini. Nikapita mbele ya baraza nikaona mlango wa chumba chake cha kazi umeegeshwa. Nikachungulia. Hamimu alikuwa ameketi chini, koti la Karimu mapajani, wembe mkononi, anakata mshono. Nikajua hasira zimemzidi, anachana kazi yake mwenyewe. Nikamwacha. Nilisema moyoni, bora achane nguo kuliko achane mtu.

Jumamosi uani kulijaa. Wanawake walikuwa wamekwisha kukaa kwenye mikeka, juzuu zimegawiwa, mchele uko jikoni. Hamimu akaingia katikati ya wanawake, jambo asilolifanya kamwe, na koti mkononi. Halikuwa limechanwa. Akachuchumaa mbele ya mkewe.

"Mama Karimu, angalia hapa," akasema. "Mi nilishona, nikaacha kitambaa ndani. Sasa kimebaki kidogo tu. Kimeachiwa. Angalia mukono, na huku ubavuni. Huu siyo mushono wa mashine. Huu ni wa mukono, wa mutu nilimufundisha mi. Mutoto alikua. Akajiongezea, akajiongezea, mpaka akachoka kufumua. Likamubana. Ndiyo maana alilitoa. Hakulitupa, halikumutosha."

Khadidja akalichukua. Akapitisha kidole gumba kwenye alama ya pindo la zamani, ule mstari mweusi kidogo unaobaki kitambaa kikikunjuliwa. Akaupitisha tena. Akasogeza mshono karibu na macho.

"Kanenepa," akasema.

Na akacheka. Tangu simu ile ya Mwarabu sikuwahi kumsikia akicheka hivyo, alicheka mpaka akashika ubavu. "Kanenepa, jamani! Mtoto aliyekuwa mbavu tupu!" Wanawake wakacheka naye, mmoja akapiga kigelegele, juzuu zikakusanywa. Mchele ulikuwa umekwisha kuiva, tukaula. Tulikula wali wa matanga bila maiti, na mi nilikula sahani mbili.

Nilikuwa nimelipima lile koti kwenye mkono wangu mwenyewe sokoni. Nilikuwa nimelikalia mchana kutwa. Hakuna aliyekuwa ameligusa pindo lake tangu litoke Buyenzi. Nilimtazama kaka yangu juu ya sahani, naye akanitazama. Nikamwambia wali una chumvi nyingi. Akasema ndiyo, kidogo.

Baada ya hapo koti lilining'inia chumbani kwao, juu ya kitanda. Idi ya kwanza iliyofuata Khadidja alilitoa, akalipiga vumbi, akampelekea mumewe barazani. "Baba Karimu," akasema, "kule wanakula siagi. Atakuwa kazidi. Akirudi likimbana je?" Hamimu akachukua wembe, akafumua, akaachia kidogo. Idi nyingine akalileta tena. Na nyingine. Vita vilikuwa vinaendelea, mikataba ilikuwa inatiwa sahihi na kuvunjwa, mabomu yaliangukia mpaka mtaa wa Kigobe, na kila mwaka Karimu alikuwa ananenepa kidogo.

Kama Khadidja alijua? Mke wa fundi, aliyelala na mikono ile maisha yake yote, atashindwa kuujua mshono wake? Mi nafikiri alijua kabla hajacheka. Lakini sikumuuliza, na nikifa sitamuuliza.

Mwaka wa elfu mbili na nne, Idi ikiwa karibu, nilimkuta Hamimu barazani, koti liko mezani limegeuzwa ndani nje. Akanionyesha. Mshono ulikuwa umefika ukingoni kabisa, nyuzi zimeanza kuchomoka. Hapakuwa na kitu cha kuachia tena.

"Kitambaa kimekwisha ndani," akasema.

"Basi mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba kimekwisha."

Akafuta mezani nyuzi zilizochomoka. "Mawazo, nikimwambia kimekwisha, nimemwambia nini?"

Nikalichukua koti, nikamkunjia.

Kesho yake nilipasua balo jipya sokoni. Walikuja wale wale, wakavutana vile vile. Katikati ya vitambaa vya kichwa vya wanawake nikaona kofia nyeupe iliyofumwa, ya mwanaume, imesimama haijui iende kulia au kushoto. Ilikuwa ya kaka yangu. Alifika mezani, akasimama, mikono hana pa kuiweka. Miaka yote ile nilikuwa nimejiandalia maneno ya siku hiyo, matamu, makali, yenye pilipili, na hakuna hata moja lililotoka. Ile ganzi ya miaka yote ikaniachia mara moja, hapo hapo, mbele ya wateja, na iliuma sana.

Akachukua koti la kijivu, akaligeuza ndani, akasugua kitambaa kwa vidole, akakilinganisha na nyuzi za koti la Karimu alizotoa mfukoni, akalirudisha. Akachukua jingine. Lilikuwa na mistari, lakini minene. Muuzaji wa meza ya jirani, ambaye hakujua ni nani, akampigia kelele, "Chagua, muzee! Chagua!"

"Nachagua," akasema Hamimu, na hakuinua uso.